Breki Kubwa za Magari ya Spoti: Jaribio la Uainishaji

Makala haya yanalenga kuziba pengo la maarifa. Wanaisimu wametupangia ngeli za nomino, washairi wamezihesabu bahari zao, wanabiolojia wamefika mpaka kwenye spishi za chawa, lakini zile kalipa nyekundu za breki zinazochungulia katikati ya rimu za Subaru kila Ijumaa jioni, nje ya vilabu vya nyama choma vya Nairobi, bado hazijapata mtu wa kuzipanga. Swali la utafiti ni moja. Je, mtu anayeendesha gari la spoti kwenda kazini, kanisani na ukweni hufaidika na chochote anapolifunga breki kubwa kuliko zile lilizotoka nazo kiwandani?

Data zilikusanywa uwandani kwa mbinu ya ushuhudiaji, yaani kuinama kwenye maegesho ya watu na kuchungulia magurudumu mpaka askari wa geti akohoe. Mbinu ya mahojiano ilitumika pale mwenye gari alipotokea ghafla. Idadi ya sampuli haitatajwa, kwa kuwa baadhi ya sampuli ziliondoka kwa kasi kabla ya kuhesabiwa. Nairobi iliteuliwa kwa sababu za kitaaluma: ni mji ambamo Impreza ya mtumba huweza kutunzwa kwa gharama kubwa kuliko nyumba inapolala.

Kazi isiyo na kiunzi cha nadharia hurudishwa na msimamizi, kwa hiyo tuanzie hapo. Nadharia inayoongoza makala haya inaitwa Nadharia ya Tairi, na mhimili wake ni kwamba breki husimamisha gurudumu, lakini gari husimamishwa na tairi. Pedi ikishaibana diski, kilichobaki kuishika barabara ni vipande vinne vya mpira, kila kimoja kama kiganja cha mtu mzima, na mshiko wa vipande hivyo una kikomo. Tairi zuri kwenye lami kavu huweza kupunguza mwendo kwa kiwango kinachokaribia mvuto wa dunia wenyewe. Kwa gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, hesabu hiyo inatoa takriban mita 39 mpaka lisimame. Tairi lenye mshiko wa asilimia 80 ya huo linahitaji mita 49. Hizo mita kumi zinatosha kumkosa mtu au kumgonga, na ukubwa wa diski haumo popote kwenye mlinganyo. Upange utakavyo, diski ya milimita 380 haina pa kuingilia.

Uthibitisho wake ni rahisi, ila ufanyiwe mahali patupu pasipo bodaboda wala ng'ombe. Gari likiwa kwenye mwendo huohuo, kanyaga breki kwa nguvu zako zote. ABS ikianza kuitetemesha pedali chini ya mguu, breki ulizo nazo tayari zimeyashinda matairi, na kuziongezea nguvu ni kuyashinda mara ya pili. Gari lolote la kisasa ambalo breki zake ni nzima hufaulu mtihani huu, likiwemo lile la shangazi linalotoka Jumapili tu.

Wapinzani wana nadharia yao, nayo inastahili heshima kwa sababu ni ya kweli. Ni Nadharia ya Joto. Breki haiui mwendo, inaugeuza kuwa joto, na joto lazima liende mahali. Gari la kilo 1,500 kwenye kilomita 100 kwa saa lina nishati ya takriban kilojuli 580. Likisimama, breki za mbele hubeba kama asilimia 70 ya mzigo huo, kwani uzito wa gari huinamia mbele. Gawanya kwa diski mbili za chuma za kilo 8 kila moja, na kila diski inapanda joto kwa nyuzi 55 hivi. Nyuzi 55 si kitu, upepo utazichukua. Lakini mwendo ukiongezeka mara mbili nishati huongezeka mara nne, na kusimama kutoka kilomita 200 huipandisha diski ileile kwa nyuzi 220. Rudia hivyo kona baada ya kona bila kuipa nafasi ya kupumua, na pedi za kawaida zitaanza kuteleza juu ya diski huku dereva akikanyaga na kumtaja Mungu. Diski kubwa ina chuma kingi cha kuhifadhi joto na eneo kubwa la kulitoa. Hiyo ndiyo bidhaa inayouzwa kwenye boksi la breki kubwa. Umbali mfupi wa kusimama haumo kwenye boksi, hata kama umeandikwa juu yake.

Historia iko upande wa wapinzani pia. Frederick Lanchester aliipatia hataza breki ya diski huko Uingereza mwaka 1902, lakini wenye magari wakaendelea na breki zao za ngoma kwa miongo kadhaa, maana kwa mwendo wa siku zile ngoma zilitosha. Mwaka 1953 Jaguar ilikwenda kwenye mbio za Le Mans na magari aina ya C-Type yenye diski za Dunlop kwenye magurudumu yote manne, ikashinda. Mwisho wa ule mnyoosho wa Mulsanne, wa kilomita sita hivi, ngoma za wengine zilikuwa zinazidi kuchoka kila mzunguko, na madereva wao walilazimika kuanza kupunguza mwendo mapema. Yule wa Jaguar alichelewa kukanyaga saa baada ya saa, usiku kucha. Ngoma hizo zingeweza kusimamisha gari vizuri mara moja. Kilichozishinda ni mara ya mia.

Sasa tuhamishe hesabu kwenye foleni ya Mombasa Road. Kusimama kutoka kilomita 30 kwa saa hupandisha joto la diski kwa nyuzi tano. Kutoka kilomita 50, nyuzi 14. Sheria za Kenya haziruhusu gari dogo kuzidi kilomita 110 kwa saa hata kwenye barabara pana kuliko zote. Maana yake ni kwamba ndani ya sheria hakuna joto la kutosha kuhalalisha diski ya milimita 380, na anayeifunga ametoa ungamo la hadharani lililopakwa rangi nyekundu ili lisomeke kwa mbali. Hadi sasa askari wa trafiki hawajaanza kulisoma. Wao wanatazama stika ya bima.

Baada ya nadharia, uainishaji.

Ngeli ya kwanza ni ya Asilia, yaani magari yaliyozaliwa na breki kubwa. Mitsubishi ilianza kuipa Lancer Evolution kalipa za Brembo kwenye toleo la tano, mwaka 1998, na Subaru ikafuata kwa Impreza STI: kalipa za rangi ya dhahabu, pistoni nne mbele na mbili nyuma, diski za milimita 326 mbele na 316 nyuma. Brembo wenyewe ni kampuni ya Bergamo, Italia, iliyoanzishwa mwaka 1961, na tangu 1975 imekuwa ikiipa breki Ferrari ya Formula One. Sifa bainifu ya ngeli hii ni ulinganifu. Mhandisi aliyechagua kalipa ndiye aliyechagua masta silinda, akaipanga ABS na kugawa kazi kati ya mbele na nyuma. Kasoro yake haimo kwenye chuma. Magari haya huingia nchini kama mtumba, yakakutana na mwenye gari wa pili ambaye pesa zake ziliishia Mombasa bandarini, na kalipa yenye jina la Kiitaliano ikavishwa pedi ambazo hata aliyeziuza hajui zimetengenezwa na nini. Sampuli kadhaa za Asilia zilizosikilizwa uwandani zilikuwa zinalia kama mlango wa kanisa la kijijini.

Ngeli ya pili ni ya Wapandikizwa. Mwenye gari wa ngeli hii ana Impreza ya kawaida, Forester au Legacy; mahali fulani STI imegonga mti, na viungo vyake vikasambazwa kwa walio hai. Fundi anasema, “Bosi, hizi zinaingia bila shida,” na kimsingi hakosei, kwani boliti zinaingia. Shida huanza baadaye. Mteja mwenye pesa za kalipa za mbele peke yake huacha za nyuma zilivyo. Kalipa zenye pistoni kubwa zikipata shinikizo lilelile hubana zaidi mbele, matairi ya mbele yanafika kwenye kikomo chao mapema, ABS inaingilia, na yale ya nyuma yanabaki yanasindikiza tu. Gari kama hilo laweza kuhitaji umbali mrefu zaidi kuliko kabla ya upasuaji. Pistoni kubwa pia hunywa mafuta mengi ya breki, na masta silinda ya zamani ikiwa ndogo, pedali itashuka sana kabla ya kushika. Mhojiwa mmoja aliielezea hali hiyo kuwa “breki laini za kizungu.” Kisha kuna rimu: kalipa hizi hazikai ndani ya rimu za inchi 16, kwa hiyo mteja hununua za inchi 17 zenye nafasi, au anaruka moja kwa moja mpaka 18. Tairi la rimu kubwa huwa jembamba ubavuni, na ubavu mwembamba ukikutana na shimo la Outering Road baada ya mvua, rimu hupinda. Gharama hii haionekani kwenye risiti ya breki, ingawa mzazi wake ni breki.

Ngeli ya tatu ni ya Seti Kamili, wenye uwezo wa kuagiza breki mpya za mbele na nyuma: diski za milimita 355 hadi 380, kalipa za pistoni sita, na mipira ya breki iliyosokotewa waya wa chuma. Hapa mtafiti analazimika kuwa mwadilifu. Kalipa ngumu isiyotanuka na mipira isiyovimba hufanya pedali iwe imara na yenye kueleweka. Dereva anajua amekanyaga kiasi gani na atapata nini. Faida hii ni ya kweli hata kwa mwendo wa mjini, na ndiyo pekee ambayo wahojiwa walisahau kuitaja, kila mmoja akiwa na haraka ya kutaja idadi ya pistoni. Lakini bei ya seti kamili ingeweza kununua seti mbili tatu za matairi bora, na kwa Nadharia ya Tairi tunajua ni upande gani wa biashara hiyo ulio na zile mita kumi. Wanaoongeza pedi za mashindano juu yake hujipatia tatizo jingine: pedi hizo hutaka moto ndipo zishike, na saa kumi na mbili asubuhi kule Limuru hakuna moto. Kituo cha kwanza hupitwa kidogo.

Kuhusu ngeli hii kuna ushahidi linganishi ambao ni aibu kuutaja, lakini taaluma haina aibu. Safari Rally ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, na kila mwaka magari ya mbio yenye kasi kuliko yote duniani kwenye changarawe hupita Naivasha. Kanuni za Rally1, daraja la juu la mbio hizo, zinayapa diski za milimita 370 kwenye lami, ndani ya rimu za inchi 18. Kwenye changarawe yanatumia milimita 300, kwa sababu tairi la changarawe linataka ubavu mnene na rimu ya inchi 15, na diski lazima iingie humo. Basi bingwa wa dunia anaruka kule Kedong akiwa na diski ndogo kuliko za STI iliyotoka kiwandani, na ndogo mno kuliko za shabiki aliyekuja kumtazama na ambaye ameacha gari lake juu ya kilima, kwa sababu chini kuna vumbi. Wahandisi wa mbio walianza na tairi, kisha wakauliza breki ipi itatoshea. Mashabiki walianza na kalipa.

Ngeli ya nne, ya Kaboni na Seramiki, tuipite haraka, kwani vielelezo vyake ni adimu na walinzi wake ni wakali. Ni diski zenye uzito wa karibu nusu ya zile za chuma, zinazovumilia joto ambalo hakuna barabara ya umma inayolihitaji, na bei ya kuzibadilisha inatosha kununua gari zima la ngeli nyingine. Kwa wanaojifunza utambuzi, Porsche wamerahisisha kazi kwa rangi: kwa desturi kalipa ya njano ni ya seramiki, nyeupe ni ya diski ya chuma iliyopakwa kabidi ya tangsteni, na kijani ya haibridi. Ni kampuni chache zilizowahi kuwasaidia jirani zako kujua ulilipa kiasi gani kwa uaminifu wa namna hiyo.

Ngeli ya tano ndiyo iliyomvutia mtafiti kuliko zote: ya Vifuniko. Hiki ni kiganda cha plastiki au bati, chekundu, chenye jina la Brembo lililoandikwa kwa herufi ambazo pengine hazikuidhinishwa Bergamo, kinachofungwa kwa waya juu ya kalipa ya pistoni moja iliyotoka kiwandani. Nyuma yake hakijabadilika chochote. Aina ya ndani kabisa ya ngeli hii, yenye kusisimua kupita kiasi, ni kifuniko kinachobandikwa mbele ya ngoma ya breki za nyuma, ambako hakuna kalipa ya kufunika.

Wahakiki wengi hukidharau kifuniko. Biolojia haikidharau. Mwaka 1862 Henry Walter Bates alieleza jinsi vipepeo wasio na sumu wa Amazoni wanavyovaa rangi za wenye sumu ili ndege wawaogope. Sisi tunao mfano bora zaidi nyumbani: Papilio dardanus, kipepeo wa misitu yetu, ambaye majike wake huvaa sura za vipepeo wachungu wa aina mbalimbali huku madume yakibaki na sura yao. Nadharia ya Bates ina sharti moja linalotuhusu. Kwa kawaida kinga hufanya kazi vizuri pale waigwa wanapokuwa wengi kuliko waigaji. Waigaji wakizidi, ndege hujifunza kwamba rangi ile haina uchungu na wanakula wote. Kwa kadiri ushuhudiaji wetu ulivyoonyesha, maegesho ya Nairobi yamevuka mstari huo. Rangi nyekundu haimtishi tena mtu yeyote, na mwenye Brembo halisi sasa hulazimika kuinama yeye mwenyewe na kuonyesha pistoni kwa kidole. Kwa upande wa utendaji, kifuniko hukinga upepo kidogo na kuchelewesha joto kutoka. Ndicho kifaa pekee katika makala haya kinachoipa kalipa joto zaidi bila kuongeza mwendo.

Kuna pingamizi moja zito ambalo lazima lijibiwe, nalo ni mteremko. Mtu atasema: sheria ya kilomita 110 ni sawa, lakini mimi hushuka Mai Mahiu, na ndugu yangu wa Iringa hushuka Kitonga. Ni kweli. Kwenye mteremko gari halihitaji kasi ili kutengeneza joto. Kila mita 100 za kushuka wima humpa mwenye gari la kilo 1,500 megajuli moja na nusu hivi, sawa na kusimama kutoka kilomita 100 mara mbili na nusu, na breki hazipati pumziko mpaka chini. Hapa Nadharia ya Joto inashinda, na diski kubwa itamsaidia anayeshuka akiwa ameegemeza mguu kwenye pedali. Ila aliyerudi gia ya pili kule juu ameiachia injini kazi hiyo, na gia ya pili ilikuja na gari.

Kinachowapata wengi kwenye mteremko kina jina ambalo halikutajwa na mhojiwa hata mmoja: mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu kutoka hewani mwaka baada ya mwaka, hata gari likiwa limesimama. Kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji, kiwango cha chini kinachokubalika ni nyuzi 155. DOT 3 huanzia 205 na kuteremka mpaka 140. Yakichemka ndani ya kalipa hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali inakwenda mpaka sakafuni bila kukutana na kitu. Watu husema breki zimefeli. Sasa fikiria Impreza iliyokaa Japani miaka saba, ikavuka bahari, ikapokewa na unyevu wa Mombasa, kisha Nairobi ikabadilishiwa rimu, ekzosi, taa na redio. Kopo dogo la mafuta ya breki na kazi ya kutoa hewa ni vitu vya bei ndogo kuliko vyote vilivyotajwa hapa, na havionekani kupitia rimu.

Tabia hiyo ya kutoonekana ndiyo mpaka mkuu wa utafiti huu. Mbinu ya ushuhudiaji huona rangi, pistoni na matundu ya diski. Haioni umri wa mafuta. Kwa sababu hiyo kuna ngeli ya sita ambayo makala haya yanaamini ipo lakini yameshindwa kuikusanya: gari la spoti lenye kalipa za kawaida zilizoota kutu kidogo, matairi mazuri, pedi za heshima na mafuta ya mwaka huu. Lilipita mbele ya mtafiti pengine mara nyingi, naye hakuinama.

Watafiti wajao wanashauriwa kubeba kile kipimo cha unyevu chenye umbo la kalamu na vitaa vya rangi, kinachochovywa kwenye kikopo cha mafuta ya breki. Kazi haitakuwa rahisi. Katika mahojiano yetu, wenye magari walikubali kwa furaha kuonyesha magurudumu yote manne, na wengine waligeuza usukani bila kuombwa ili kalipa ionekane vizuri. Walipoombwa kufungua boneti na kuonyesha kikopo hicho kilipo, wengi walikumbuka kwamba walikuwa na haraka, na mmoja aliuliza kama kinakaa upande wa betri.